Siri si Stara: Kuitazama "Shut Up and Dance" Kutoka Riruta Satellite

Kama hujaitazama "Shut Up and Dance" na hutaki kuambiwa mwisho, ishia hapa kwanza. Enda uitafute, kisha urudi. Siwezi kuijadili bila kugusa mwisho wake, kwa sababu ugomvi wangu wote uko huko.

Ni sehemu ya tatu ya msimu wa tatu wa Black Mirror. Charlie Brooker na William Bridges waliiandika, James Watkins akaiongoza, na ilitoka Oktoba 2016. Netflix ilikuwa imefika Kenya Januari mwaka huohuo, lakini huku Riruta Satellite wengi wetu hatukuiona huko. Tuliiona kwa flashi. Unaingia duka la muvi kando ya Naivasha Road, unamwambia kijana wa kaunta akuwekee zile za teknolojia za kutisha, unalipa pesa ambazo hazitoshi hata nauli ya kwenda tao na kurudi, na unatoka na msimu mzima mfukoni. Nimeitazama mara tatu. Baada ya ile ya kwanza nilikata kipande cha plasta ya kidonda nikakibandika juu ya kamera ya laptopu, kipakatalishi kwa wale wa kamusi, na mpaka leo kiko hapo, kimeshakuwa cheusi pembeni.

Plasta yangu haina upekee wowote. Juni 2016, miezi michache kabla ya sehemu hii kutoka, Mark Zuckerberg alipigwa picha akisherehekea Instagram kufikisha watumiaji milioni 500, na watu wenye macho makali wakaona nyuma yake laptopu iliyozibwa kamera kwa tepu. Ukiona mwenye hoteli anabeba chakula chake kutoka nyumbani, lazima ujiulize maswali.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kenny, anayeigizwa na Alex Lawther, ni kijana Mwingereza anayefanya kazi kwenye mkahawa wa chakula cha haraka. Dada yake anaazima laptopu yake kutazama filamu za bure, laptopu inashika virusi. Kenny anapakua programu ya bure ya kuisafisha, na ile ya kusafisha ndiyo iliyobeba uchafu: inawafungulia watu asiowajua kamera yake. Anarekodiwa akiwa peke yake chumbani, mkono ndani ya suruali. Barua pepe inaingia kumwambia wameona alichofanya, watumie namba yako ya simu. Kuanzia hapo simu inakuwa bosi. Pokea keki hii, peleka. Panda gari na mwanamume huyu. Ibia benki. Nenda msituni ukapigane na mwenzako mpaka mmoja wenu afe.

Kama kazi ya kutisha, naipa heshima yake yote. Mdukuzi haonekani hata mara moja. Hatujui yuko nchi gani, ni mmoja au ni kumi, wala anataka nini hasa. Kinachobaki ni mlio wa ujumbe, na baada ya dakika ishirini mlio huo unakukunja tumbo. Halafu wameijua vizuri tabia ya uoga. Kenny anatii haraka mno. Hajadiliani, hapimi, hamuulizi mtu. Lawther anaiweka hofu yote kwa mabega na pumzi. Ukizima sauti bado utajua huyu ni mtu aliyeshikwa mahali.

Na ile programu ya bure! Hapo waandishi walifanya kazi yao ya nyumbani. Laptopu nyingi huku ni ex-UK, zimenunuliwa Luthuli Avenue zikiwa na Windows ambayo hakuna aliyeilipia, na ofisi ya kuandikia ambayo mtu fulani "aliivunja" akaigawa. Nani ajuaye kilichopanda lifti pamoja nayo. Tangu 2018 hivi kumekuwa na wimbi la barua pepe zinazodai mwandishi amekurekodi kwa kamera yako, lipa kwa Bitcoin. Nyingi ni uongo mtupu. Mwandishi ana nenosiri lako la zamani lililovuja kwingine, basi, na anabahatisha. Lakini uongo huo unauzika kwa sababu ukweli wake unawezekana. Filamu kama hii imefanya kazi ya kuutangaza bila malipo.

Sasa tazama chumba. Kenny ana chumba chake, chumba kina mlango, na hofu yote ya filamu imesimama juu ya mlango huo: ndani niko mimi, nje iko dunia, na kamera ndiyo ufa pekee. Mara ya pili niliiangalia na majirani, watu watano juu ya kitanda na mmoja juu ya mtungi wa maji, na huyo wa mtungi akauliza kwa dhati kabisa, "Kwani huyu msee ako na chumba yake peke yake na bado anaishi kwa mamake?" Tulicheka sana. Lakini lilikuwa swali la mhakiki, na bado sijapata bora kuliko hilo.

Kwenye ploti za huku, kuanzia Kabiria mpaka ndani Kawangware, ufa ni mwingi kuliko ukuta. Najua jirani wangu wa kushoto anadaiwa na nani. Yeye anajua nimeacha kupigiwa simu na nani. Choo ni cha watu wote, kamba ya nguo ni ya watu wote, na mtu akikaanga samaki Jumanne ploti nzima inajua amelipwa. Ukiniambia mtu wa mbali anaweza kunichungulia nikiwa nyumbani, jibu langu la kwanza ni kwamba apange foleni.

Ndiyo maana naona watu wengi wakidhani wasiwasi wa kamera ni wa wenye nafasi, wa Kileleshwa huko. Kwamba mtu anayeoga kwa karai nyuma ya mlango wa mabati hana faragha ya kupoteza. Sikubali, na sababu yangu ni pazia.

Unalijua. Keja ya chumba kimoja, kamba imefungwa kutoka ukuta mpaka ukuta, shuka la maua au leso iliyochoka imening'inia. Huku kitanda, huku kochi na jiko la gesi. Wazazi upande huu, watoto upande ule. Mgeni akibisha hodi, pazia linavutwa kabla mlango haujafunguliwa. Na pazia lina sheria ambayo sijawahi kusikia mtu akifundishwa: hakuna anayeuliza kuna nini nyuma yake. Labda kitanda hakijatandikwa. Labda mtu anamnyonyesha mtoto, au amelala baada ya zamu ya usiku, au analia. Ukilifunua bila kualikwa, wewe ndiye mwenye aibu. Aliye nyuma hana kosa, hata kama umemkuta uchi.

Kiswahili kina jina la kazi inayofanywa na pazia hilo: stara. Tuna neno faragha, la mawakili na la Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, zuri tu. Tuna siri pia. Lakini siri ni kitu ninachokijua nisichotaka ukijue, na inaweza kuwa ya heri au ya wizi. Unaweza kuidadisi ukawa na haki. Stara haina mjadala wa namna hiyo. Anasitiriwa mtoto, anasitiriwa mgonjwa, inasitiriwa maiti ambayo haina tena cha kuficha. Tunaombeana Mungu atusitiri na hakuna anayeuliza umefanya nini mpaka uhitaji kusitiriwa. Ni ya mtu kwa sababu ni mtu.

Turudi kwa Kenny na mwisho wake. Baada ya wizi, keki na msitu, tunagundua kwamba alichokuwa akikitazama siku ile mbele ya kamera ni picha za watoto. Ile sauti ya mama yake kwenye simu, akipiga mayowe, ndiyo inayotuambia. Unarudi kwenye tukio la mapema, pale mkahawani, ambapo Kenny anamrudishia msichana mdogo toi aliyoisahau huku akitabasamu, na tabasamu hilo linageuka sumu. Kifundi ni pigo safi. Wakati wa kwanza nilipaza sauti.

Mara ya tatu nilijiuliza pigo hilo linafanya nini kwa hofu tuliyokuwa tumeijenga pamoja. Karibu saa nzima tumeogopa kuonwa. Dakika za mwisho zinatuambia aliyeonwa alistahili. Wapo watakaosema nimekosa kuelewa: kwamba shabaha ni sisi watazamaji, tuliomhurumia haraka na kumhukumu haraka, na ile picha ya uso unaocheka wanayotumiwa wote mwishoni inawasuta wadukuzi kuliko waathiriwa. Nakubali nusu. Lakini hesabu waliokamatwa. Hector alikuwa akitafuta kahaba nyuma ya mke wake. Mama wa kampuni alikuwa na barua pepe za ubaguzi wa rangi. Msituni kule, yule mwenzake Kenny naye ana yake ya watoto. Katika dunia nzima ya filamu hii hakuna mtu hata mmoja aliyeonwa akifanya jambo la kawaida: akijikuna, akisali, akijaribu nguo ambayo haimtoshi. Kamera inapata wenye hatia tu. Kila mtu ana siri, hakuna mwenye stara. Na hapo, Brooker atake asitake, anakuwa upande wa ile hoja ya zamani ya kila anayetaka kukuchungulia: kama huna la kuficha, unaogopa nini?

Kuna kisa cha kweli ambacho kingeifanyia kazi bora. Mwaka 2010, wilaya ya shule ya Lower Merion, Pennsylvania, Marekani, ilishtakiwa na familia ya mwanafunzi wa miaka 15. Shule ilikuwa imewapa wanafunzi laptopu, na ndani yake programu ya kufuatilia zikiibwa. Programu hiyo iliweza kupiga picha kwa kamera bila mwenye laptopu kujua, na ilipochunguzwa zikapatikana picha zaidi ya 50,000, za kamera na za skrini pamoja. Kijana yule aliitwa na naibu mwalimu mkuu akaonyeshwa picha yake akiwa chumbani kwake na kitu kilichodhaniwa ni dawa za kulevya. Yeye na familia yake walisema ni peremende. Peremende! Kesi iliisha mwaka huohuo kwa malipo ya dola 610,000. Hebu fikiria filamu iliyojengwa juu ya hapo: hakuna genge la gizani, kuna ofisi yenye nia njema, fomu na bajeti, na mtoto anayekula peremende kitandani kwake. Ingenitisha zaidi, maana nisingepata mahali pa kusema alijitakia.

Na ingetufaa zaidi sisi, kwa sababu mtazamaji wetu huwa si mgeni. Mdukuzi wa Brooker ni upepo. Wa huku ana sura. Fundi wa simu anakuomba namba ya siri "nijaribu skrini", ukirudi saa kumi unakuta amezungusha picha zako. Simu yenyewe labda bado si yako: tangu mipango kama Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom na Google ianze 2020, watu wengi wanatembea na simu ambayo ukikosa kulipa inafungwa kutoka mbali, maana yake kuna mtu alishaingia ndani kabla yako. Apu za mikopo zinaomba ruhusa ya kusoma namba zote ulizohifadhi, na saa sita usiku una shida ya elfu mbili, utabonyeza "kubali" hata kama wanaomba figo.

Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza faini tatu ambazo huwa nazisoma kama hadithi fupi. Mulla Pride, kampuni ya apu za mikopo, shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe na simu za vitisho. Klabu ya Casa Vera, hapo Ngong Road, shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Na Roma School ya Uthiru, 4,550,000, kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Uthiru! Ni kupanda matatu moja tu kutoka hapa. Hakuna hata mmoja kati ya waliopigwa picha aliyekuwa na hatia ya kugunduliwa. Walikuwa wanakunywa, wanasoma, wana namba ya rafiki mwenye deni.

Ukitaka giza la kweli, lipo pia. Mei 2, 2025, watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi, wakihusishwa na "Blood Parliament", filamu ya BBC kuhusu waandamanaji waliouawa nje ya Bunge Juni 25, 2024. BBC ilisema hawakuhusika nayo. Vifaa vyao vilibaki na polisi. Vilipokuja kuchunguzwa na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, ilibainika kwamba FlexiSPY ilikuwa imewekwa ndani ya baadhi yake wakati vikiwa huko kizuizini. FlexiSPY ni programu ya kuuzwa, mtu yeyote mwenye pesa anainunua. Inasoma ujumbe, inafuatilia ulipo, inaweza kuwasha maikrofoni na kamera. Hiyo haikuingia kwa dada kuazima laptopu. Iliingia kwa mlango wa mbele, na plasta yangu ya kidonda haingeizuia kusikia lolote.

Nimesema Kenny hamuulizi mtu. Kila ninapoitazama hilo linazidi kuwa zito kuliko kamera yenyewe. Filamu nzima haina jirani. Kila anayetishwa yuko peke yake na simu yake, hata wawili wanapokaa gari moja hawaambiani ukweli wote, na vitisho vinafanya kazi kwa sababu hiyo tu. Kila mmoja ana uhakika kwamba siku video itakapofika kwa watu, watu wataifungua.

Kwenye ploti yetu kuna dada, sitasema zaidi kumhusu, ambaye aliyekuwa mpenzi wake alirekodi simu yao ya video bila yeye kujua. Walipoachana akaanza: tuma kitu kidogo au naituma kwa kila mtu. Alituma mara mbili. Ya tatu hakuwa nazo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, kifungu cha 37, inasema kusambaza picha za siri za mtu ni faini isiyozidi laki mbili au jela isiyozidi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini kwenye kituo alichoenda, swali la kwanza aliloulizwa na aliyekuwa kwenye dawati ni, "Na wewe ulikuwa unafanya nini hivyo mbele ya simu?" Huyo afande angeandika Black Mirror vizuri sana.

Video ilitumwa Jumamosi. Ilifika kwanza kwa mama anayeuza mandazi getini, kwa sababu namba yake ilikuwa juu kwenye orodha. Mama huyo hakuifungua zaidi ya kuona ni ya nani. Aliandika kwa grupu la ploti: "Kuna kitu kimetumwa kwa watu. Si chetu. Futeni." Kisha akaenda akagonga milango mitatu ya wale vijana anaowajua, akasimama hapo mpaka wakafuta mbele yake. Wapo waliofungua, siwezi kudanganya. Niliwaona kwenye duka siku ya pili, wakiangalia viatu. Kuna ploti nyingine ambazo ingezunguka mpaka iende Telegram. Na mwanamume mwenyewe hajashikwa. Ila kwa wiki ile, getini, niliona pazia likivutwa na watu ambao hawakuwa nyuma yake.

Ilifika pia kwa mamake, mashambani. Mama ya Kenny anapiga simu akipiga mayowe, na filamu inaishia hapo kwa sababu haijui kitu kingine ambacho mama anaweza kusema. Dada anasimulia kwamba jina la mamake liliwaka kwenye skrini mpaka likazima, likawaka tena likazima. Mara ya tatu akashika. Mamake alimuuliza kama amekula.